Mbona noizi yangu inasikika bapa? Jibu kwa msomaji wa Ngamiani, Tanga

Swali limetoka kwa kijana wa Ngamiani, nalifupisha: "Shikamoo kaka. Nimerekodi kwa simu mashine ya korona kule shamba la mkonge, na kelele za upande wa bandarini, nikaziingiza kwenye laptop nikatia distoshini nikapata kazi ya dakika 11. Washkaji wanasema genereta bovu. Mi nikisikiliza noizi za wenzetu nasikia kama niko mahali flani, kuna ukungu, kuna kina, ila yangu inasikika kama TV isiyoshika chaneli. Tatizo ni simu? Nitafute vifaa gani? Na hivi huu ni muziki kweli au najidanganya?"

Marahaba mdogo wangu. Faili lako nimelisikiliza lote, kwanza kwa hedifoni afu kwa spika, na ile rekodi mbichi ya korona, yani mashine ya kuponda majani ya mkonge kutoa singa, uliyoambatanisha nimeisikiliza zaidi ya kazi yenyewe, nitakwambia kwanini.

Naanza na hilo la mwisho maana halina maneno mengi. Noizi, yani muziki unaojengwa kwa kelele, ni muziki kweli, na una ukoo mrefu. Luigi Russolo, mchoraji wa Italia, aliandika waraka wake wa sanaa ya kelele mwaka 1913 akatengeneza na masanduku ya kuzungusha kwa mkono yanayonguruma na kukwaruza. Lakini ukoo ninaotaka we uujue zaidi uko Misri. Mwaka 1944 pale Cairo kijana anaitwa Halim El-Dabh aliazima kituo cha redio mashine ya kurekodi kwa waya, yani sauti inashikwa kwenye waya mwembamba wa chuma, akaenda nayo kwenye zaar, ngoma ya wanawake ya kupunga pepo, na mtu wa Tanga haitaji kuelezwa hiyo ni kitu gani. Akarekodi zile sauti, akarudi studio akaanza kuzichuja, sauti ya msingi anaiondoa anabakisha zile nyembamba zinazoelea juu yake, anazipitisha kwenye chumba cha mwangwi na kurekodi upya. Kilichotufikia ni kipande kifupi cha kama dakika mbili na ukikisikiliza unashindwa kujua kama ni watu au ni upepo. Hiyo ni miaka minne kabla Pierre Schaeffer hajatoa kazi zake za kelele kule Paris mwaka 1948, na wengi wakisimulia historia hii wanaanzia hapo kwa Schaeffer. Wewe anzia Cairo. Mwafrika na mashine ya kuazima na ngoma ya pepo, hapo ndo kwenu.

Baadae pande mbili zikakua. Upande wa kelele kali, mtu mkubwa ni Masami Akita wa Tokyo anayejiita Merzbow, yuko kazini tangu mwisho wa miaka ya 70 na katoa kazi mamia. Upande wa ambienti, yani muziki tulivu wa kujaza mahali, jina lilishikwa na Brian Eno mwaka 1978 na ile albamu yake ya viwanja vya ndege. Unachokitafuta we ni pale pande hizo zinapokutana, kelele nzito kabisa lakini imejengwa kama mahali pa kuingia. Hapa Afrika Mashariki tunao watu wa kusikiliza: KMRU wa Nairobi, albamu yake Peel ya 2020, sauti za mazingira zimevutwa mpaka zimekuwa ukungu, na yule ni mjukuu wa Joseph Kamaru mwimbaji wa Kikuyu, wana jina moja. Na Duma, wawili wa Nairobi pia, mwaka huohuo 2020, ile ni kelele ya kukushika shati, ilitoka lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, haohao waliozipeleka singeli za Dar nje. Sikiliza zote mbili siku moja, moja baada ya nyingine, utaelewa uwanja una upana gani.

Sasa tatizo lako. Simu ina makosa yake nitayafikia, ila kilichoiua kazi ni kwamba kila kitu ndani yake kiko karibu, na kila kitu kinapiga kwa nguvu ileile tangu sekunde ya kwanza mpaka dakika ya 11. Hamna mbali. Na pasipo na mbali hapawi mahali.

Elewa distoshini inafanya nini. Inakata vichwa vya mawimbi ya sauti. Sauti ndogo inapandishwa juu, kubwa inagonga dari inakatwa, na pale inapokatwa zinazaliwa sauti mpya za juu ambazo mwanzo hazikuwepo. Ukiitia kidogo kwenye sauti ya bati inapata meno, inapendeza sana. Ukiimwaga kwenye kitu ambacho chenyewe tayari kina kelele za kila aina kama korona, zile sauti mpya zinaziba kila nafasi kuanzia bezi mpaka juu kabisa, na sikio likipewa kila kitu kwa mpigo mmoja kwa usawa mmoja halisikii vitu vingi, linasikia kitu kimoja, shhhhh. Ndo TV yako hiyo. Kuna watu wanaitaka hiyo makusudi, wale wa ukuta wa kelele, kama Vomir wa Ufaransa, dakika hata 60 ukuta haubadiliki, na kwao ile ni kazi ya kweli wala siibezi. Ila we hujaniambia unataka ukuta, umeniambia unataka ukungu na kina. Ni njia nyingine.

Turudi kwenye rekodi yako mbichi. Nakwambia ukweli, ni nzuri kuliko kazi uliyoitengeneza kutokana nayo. Weka hedifoni usikilize tena taratibu. Kabla majani hayajaingia, ngoma ya korona inavuma sauti moja imetulia. Majani yanakuja kwenye mkanda, yanabanwa, visu butu vya ngoma vinaponda nusu ya kwanza, yanahamishwa yanapondwa nusu ya pili, maji yanamwagika muda wote yanasukuma nyama ya jani, huku upande wa pili singa zinatoka zimelowa. Sasa sikiliza kinachotokea jani likiingia: ule mvumo unashuka kidogo, mashine imeelemewa, kunatokea mchakato mkavu juu yake, afu mzigo ukipita mvumo unapanda tena mahali pake. Unashuka, unapanda. Ile ni pumzi. Nyuma yake maji hayakatiki. Na nyuma zaidi, mbali kabisa, kuna mtu anaita mwenzie na kuna trekta inapita. Pale kuna tabaka nne na kila moja ina umbali wake, umepewa bure na lile banda. Distoshini yako imeifuta ile pumzi kwasababu imelinganisha mshuko na mpando, na yule mtu wa mbali kamezwa. Ukaanza kutafuta kina ukiwa umeshakitupa.

Kwahiyo fanya hivi. Chukua rekodi ileile, iweke kwenye nyimbo tatu au nne, yani treki, zile mistari ya sauti zinazopigwa pamoja kwenye programu yako, Audacity inatosha, ni ya bure na laptop ya zamani inaiweza. Wimbo wa kwanza uache msafi kabisa. Huo ndo sakafu, msikilizaji anasimama hapo. Wa pili kata kila kitu cha juu ubakishe chini ya 200 Hz, hapo utapata mvumo wa mota peke yake, huo tia distoshini uone, utakuwa mzito bila kuziba wenzie maana sauti mpya zinazozaliwa zinaanzia chini, na zikizidi kupanda unazikata tena kwa ekweleiza, kile cha kupunguza na kuongeza sauti za juu na za chini. Wa tatu fanya kinyume, kata bezi yote ubaki na mchakato na maji, usiutie distoshini, upunguze sana halafu upeleke mbali.

Kupeleka mbali maana yake nini. Sauti inayotoka mbali inakuja ndogo, hilo kila mtu analijua, lakini pia inakuja imepungua sauti za juu kwasababu hewa inazimeza haraka kuliko bezi, na inakuja na mwangwi mwingi kuliko sauti yenyewe. Ndomana adhana ya msikiti wa mtaa wa pili unaisikia laini kuliko ya msikiti wenu ingawa spika zinaweza kuwa zilezile. Kwahiyo ukiishusha volyumu tu haiendi mbali, inakuwa ndogo iliyo karibu. Shusha volyumu, punguza za juu, ongeza riverbu, yani mwangwi wa kutengeneza. Vyote kwa pamoja ndo vinaisogeza.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni mpangilio wa riverbu na distoshini, ipi itangulie. Ukitia distoshini kwanza afu riverbu, unapata kitu kikali kiko ndani ya chumba kikubwa, unasikia kelele na unasikia kuta. Ukitia riverbu kwanza afu distoshini baadae, ule mwangwi wenyewe unasagwa, mkia wa mwangwi ambao ulikuwa unafifia unapandishwa juu ukawa mzito sawa na sauti, chumba chote kinaanza kunguruma. Hiyo ya pili ndo unayoisikia kwenye kazi unazozipenda, ule ukungu wenye mchanga ndani yake. Jaribu kwenye kipande cha sekunde 30 tu, hata sauti ya mtu mmoja akiita bandarini, itie njia zote mbili uzisikilize zikifuatana. Sijui kitu kingine kwenye fani hii chenye faida kubwa hivi kwa kazi ndogo hivi.

Na riverbu yenyewe, kwanini utumie chumba cha kompyuta cha kule Ulaya wakati una mapango ya Amboni hapo jirani? Nenda na muongozaji, omba ruhusa, weka simu juu ya jiwe usiishike, rudi nyuma hatua kadhaa piga kofi moja kavu afu nyamaza mpaka mwangwi uishe wote. Rudia mara chache, sehemu tofauti. Kuna watu wanapasua maputo kwa kazi hii, usifanye ivo kule, popo wanalala, kofi linatosha. Kile kipande cha kofi na mkia wake kinaingizwa kwenye riverbu za aina ya konvolusheni, zipo plagini za bure, yani programu ndogo za kuongeza kwenye programu yako, na kuanzia hapo sauti yoyote utakayoipitisha inasikika kama imetolewa ndani ya lile pango. Korona ya mkonge inanguruma ndani ya Amboni. Hakuna mtu Tokyo wala Berlin anayeweza kukuuzia hicho kitu, na nikifikiria kwamba kiko Tanga na hakijaguswa moyo unanienda mbio.

Kuvuta pia. Audacity ina kitu kinaitwa Paulstretch, unachukua sekunde 5 za honi ya meli unazivuta mpaka dakika 5, haikatikikatiki, inakuwa wingu. Ila usivute kila kitu, nimeona vijana wakikigundua kile wanavuta mpaka kuku. Honi, kengele, sauti ya mtu iliyonyooka, hivyo vinavutika vizuri. Mvumo wa mota ukiuvuta unabaki mvumo tu.

Halafu muda. Dakika zako 11 ziko sawa kwa urefu, ila hazitembei. Kutembea sio lazima kitu kitokee kwa kishindo. Kuna kazi ya Luc Ferrari ya mwaka 1970, Presque rien, aliirekodi kwenye kijiji cha wavuvi kisiwa cha Korčula, saivi ni Kroatia, kuanzia alfajiri. Watu wanaamka, mashine ya boti inawashwa, wadudu wanalia, na karibu hamna alichokiongeza. Kwa dakika 20 hivi unasikia kijiji kinajaa taratibu, na mwisho wadudu wameshika kila mahali na hukumbuki walianza saa ngapi. Chukua akili hiyo uipeleke kwenye kelele. Acha korona safi ipumue peke yake dakika mbili nzima, ile tabaka chafu ipandishe polepole kiasi kwamba mtu asiweze kusema imeanzia wapi, ifike juu kabisa mara moja tu, na ikifika huko iondoe ghafla ubaki na maji. Uzito wa kelele unasikika pale inapoondoka. Kama haijawahi kuondoka hatuna cha kupimia.

Haya, simu. Simu nyingi zinarekodi kwa kujali maongezi, kwahiyo zinapunguza zenyewe kitu zinachodhani ni kelele, na hapo zinapambana na wewe maana kelele ndo ulichoifuata. Pia zinapandisha na kushusha volyumu zenyewe, ndomana kwenye rekodi yako ya bandarini kila kreni ikigonga chuma, bahari inapotea sekunde moja afu inarudi inajivuta. Tafuta programu ya kurekodi inayokubali kuzima hivyo vitu viwili na inayotoa WAV, weka kipimo cha sampuli 48,000 Hz, achana na zile fomati zinazobana faili. Zima data, weka simu kwenye hali ya ndege. Usiishike mkononi, kila kidole kikisogea kinaingia, ilaze juu ya kitambaa. Upepo ni adui mkubwa kwa sisi wa pwani, kusi ikikolea Raskazone unarekodi upepo unagonga maiki tu, kwahiyo jikinge na ukuta au mwili, na kipande cha kitambaa cha manyoya juu ya maiki kinasaidia kuliko sponji. Na bandarini omba kibali, usijifanye unapita, pale ni eneo la ulinzi.

Kifaa cha kutafuta, kama una hela ya kitu kimoja tu, usinunue maiki. Tengeneza ya kugusisha. Kile kisahani chembamba cha shaba kinachotoa mlio kwenye saa za mezani na midoli ya kuimba, mafundi redio wanacho na ni hela ndogo sana, kinaitwa piezo. Ukikiunga waya na jeki kinakuwa maiki isiyosikia hewa kabisa, inasikia mtikisiko wa kitu ulichokibandika. Kibandike kwa tepu ngumu kwenye geti la bati, kwenye reli iliyoachwa, kwenye ubavu wa ngalawa maji yakiupiga, kwenye baiskeli, na Tanga baiskeli hazikosekani, bandika kwenye fremu mtu aendeshe barabara ya vumbi. Utapata sauti ambazo sikio la binadamu halijawahi kuzisikia kwa njia ya kawaida. Tahadhari moja: piezo ukiichomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki la laptop bezi inapotea, inabaki nyembamba kama kopo, kwasababu ile ingizo haiendani nayo. Inataka ingizo la gitaa, lile la ohm milioni moja hivi. Fundi wa ampu za gitaa atakuelewa ukimwambia ivo, na kisaketi cha transista moja kinatosha kuisaidia.

Masikio sasa, na hapa naomba unisikilize kama kaka yako. Kiwango kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda salama unapungua nusu. 88 masaa 4, 91 masaa 2, ukifika 100 una robo saa tu. Banda la korona na hedifoni zilizofunguliwa mpaka mwisho vyote vinaweza kukufikisha huko bila wewe kushtuka, kwasababu sikio linazoea na linakudanganya kwamba imepungua. Mluzi masikioni usiku baada ya kazi ni onyo, na ikifika siku mluzi hauondoki hakuna dawa ya kuurudisha nyuma. Kwahiyo ukienda korona vaa vizibo. Na unapochanganya, changanya kwa sauti ndogo, ya kuweza kuongea na mtu bila kupaza. Kazi ya noizi iliyopangwa vizuri inabaki nzito hata ikiwa ndogo, na kama kwa sauti ndogo ni shhh tu basi bado haijakaa. Ukimaliza, pandisha mara moja kwa dakika chache uhakikishe bezi, shusha.

Kuhusu washkaji. Uliwapigia kwenye spika ya bluetooth kijiweni, si ndio? Ile spika haina bezi, kijiwe kina bodaboda, tabaka zako zote za mbali zingemezwa hata kama ungezijenga. Waite wawili watatu ndani, jioni, wape hedifoni mmoja mmoja, usiwaeleze kitu. Na kabla yao nakuomba uwapelekee wale jamaa wa korona wasikilize. Wao wanaijua ile mashine kwa masikio, wanajua kisu kimelegea kabla mtu hajaangalia, watakwambia umerekodi nini hasa, na huenda wakakuonyesha pa kusimama ambapo hukupajua. Yule anayeita mwenzie muulize pia kama yuko radhi sauti yake itoke.

Ukirudia, niletee toleo jipya na nyimbo zake zikiwa mbalimbali, kila tabaka na faili lake la WAV, kilele kisivuke desibeli 1 chini ya sifuri, ile dari ya programu, ili isije ikakatika kwenye spika za watu. Na rekodi mbichi usizifute hata laptop ikijaa, tafuta flashi uziweke huko na jina la mahali, tarehe na saa.